Uzito wa Mshindi

Abiria wa dirishani hulijua bango lililo kwenye barabara inayokata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi: picha za wanyama, na kila mnyama kaandikiwa faini yake kwa dola za Marekani. Swala ana bei yake, nyati ana yake, na tembo na twiga wako juu kabisa. Makonda hawaishi kutania kwamba dereva akizidiwa, bora agonge ngiri. Wenye mabasi hawacheki. Kwa kilomita zipatazo 50, barabara kuu iendayo Zambia inapita katikati ya mbuga iliyotangazwa hifadhi mwaka 1964, na humo kila chombo hutiwa adabu kwa kipimo kimoja. Vibao vya mwendo vinashuka, matuta yanafuatana, na trafiki mwenye tochi anaweza kuwa mahali popote penye kivuli.

Hapo ndipo basi la mwaka huu na basi lililoungwa bodi mara tatu yanapokuwa ndugu. Yanaingia mbugani yakifuatana na yanatoka yakifuatana. Yakifika mji wa Mikumi, ambao ni wa wilaya ya Kilosa, abiria aliyelipa nauli ya daraja la juu anashuka kujinyoosha sambamba na yule aliyelipa ya kawaida. Ananung'unika. Alilipia injini, mbona hajaiona ikifanya kazi?

Swali lake ni la haki, na halikuanzia Mikumi. Limewasumbua waandaaji wa mbio za magari duniani kwa zaidi ya miaka 30: ni halali kumpunguza makali mwenye chombo kizuri ili wenzake wamfikie? Wengi walijibu ndiyo, wakaandika kanuni. Yaliyowapata yanafaa kusimuliwa huku kwetu, maana hakosekani mtu, awe stendi, kwenye kamati ya mashindano ya pikipiki au hata kwenye kikao cha halmashauri, anayekuja na wazo hilohilo akidhani kaligundua yeye.

Kwanza tuelewane kuhusu mbio zenyewe. Sisemi Formula 1 na yale magari yake yanayofanana na mikuki. Nasema mbio za magari ya kawaida, Ford, BMW, Nissan, Audi, yanayofanana na yale ya dukani. Yamevuliwa viti na mazulia, yamefungwa mabomba ya kinga ndani, kisha yanapelekwa kwenye uwanja wa lami kuzunguka. Raha yake ni kwamba mtazamaji analijua gari analoshangilia, kwa kuwa jirani yake analo. Na kiwanda kinatoa pesa kwa sababu kinaamini gari linaloshinda litanunuliwa. Balaa inaanzia hapo. Gari moja likishinda kila wiki, viwanda vingine vinafunga virago na watazamaji wanabadili chaneli.

Dawa iliyobuniwa ina sura kadhaa. Moja ni uzito: aliyeshinda leo, mbio zijazo anafungiwa vyuma sakafuni. Kwenye ubingwa wa taifa wa Uingereza vyuma hivyo vilikuwa sehemu ya mchezo kwa miaka mingi hadi mwaka 2022, vilipoondolewa na badala yake kinara akawa ananyimwa sehemu ya nguvu ya mota ya umeme. Nyingine ni hewa: kwenye njia ya kuingizia hewa hufungwa pete ya chuma yenye tundu, na tundu likipunguzwa kwa milimita chache tu nguvu ya injini inashuka. Ipo pia ya kupindua mstari wa kuanzia, waliomaliza mbele wakapangwa nyuma. Kwa mtu aliye sebuleni na soda yake, yote haya ni mazuri. Mbio zinabana, bingwa hajulikani mpaka siku ya mwisho.

Mabishano ya namna hii hayakosi kwenye migahawa ya Mikumi ambako malori hulala. Utingo, simu mkononi, kaona video ya mbio hizo, anamwambia suka wake: "Anko, kule gari likishinda linapakiwa vyuma. Na huku wangeyapakia yale mabasi yanayotupita, tungefika pamoja." Suka hata hainui macho kwenye sahani. "Mwanangu, siku utakayonipakia vyuma kwa sababu jana niliwahi, kesho nitachelewa makusudi."

Jibu hilo lingewaokoa watu wengi wenye shahada.

Chukua kisa cha Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mbio za magari haya ziliendeshwa kwa kanuni za kimataifa zilizoitwa Group A. Magari yaligawanywa kwa ukubwa wa injini, na injini yenye tabo ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko ilivyo: cc zake zilizidishwa kwa 1.7, kisha gari likapewa uzito wa chini unaolingana na kundi lake. Nia ilikuwa njema. Tabo inaongeza nguvu, basi nayo ihesabiwe. Wahandisi wa Nissan wakachukua kalamu na karatasi. Injini waliyoichagua ilikuwa ya cc 2,568, kwa kuwa ukizizidisha kwa 1.7 unapata 4,366 hivi, chini kidogo tu ya mpaka wa 4,500. Wakaifunga tabo mbili, wakaliwezesha gari kusukuma kwa magurudumu yote manne, wakaliita Skyline GT-R. Gari hilo halikuvunja kanuni hata moja. Kanuni ndiyo iliyolizaa.

Lilipotua Australia mwaka 1990, wengine wakabaki kugombea nafasi ya pili. Ubingwa wa taifa ukaenda kwa madereva wa Nissan mwaka huo, ukaenda tena mwaka 1991 na 1992. Kwenye mbio kubwa za Bathurst za mwaka 1991, Jim Richards na Mark Skaife wakashinda nalo. Wasimamizi wakafanya kile ambacho wasimamizi hufanya: wakaliongezea uzito, na msimu wa 1992 wakalifunga vali za kupunguza msukumo wa tabo. Likashinda ubingwa hata hivyo.

Bathurst ya Oktoba 1992 ndiyo inayokumbukwa zaidi. Mvua kubwa ilishuka. Richards akateleza, akagonga, gari likabondeka, na magari mengine nayo yakaja kurundikana. Bendera nyekundu ikapandishwa, mbio zikasimamishwa. Kwa mujibu wa kanuni, matokeo yalihesabiwa kwa kurudi nyuma hadi mzunguko uliokwisha kamilika, na GT-R, ikiwa imekaa pembeni na pua iliyopondwa, ikatangazwa mshindi. Umati wa mashabiki wa Ford na Holden ukazomea. Richards, mtu aliyejulikana kwa upole, akawatukana palepale jukwaani, tena kwenye kipaza sauti. Mwaka uliofuata kanuni mpya zikawa zimejengwa kuzizunguka injini za V8 za Ford na Holden, na GT-R haikuwa na pa kusimama. Ndivyo mzigo unavyotembea: zinaanza kilo, zinafuata hewa, mwisho unafungwa mlango.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu watu hukisimulia vibaya. Husema Nissan walionewa, au husema walistahili. Mimi naona jambo jingine. Tangu siku kilo ya kwanza ilipofungwa, hakuna ushindi wala kushindwa kulikoaminiwa tena. GT-R ikishinda, wapinzani walisema mzigo haujatosha. Ingeshindwa, wenyewe wangesema mzigo umezidi. Aliyekuwa mwamuzi akageuka mchezaji, na kila Jumapili ikawa inamhukumu yeye.

Wajerumani walilijua tatizo kwa upande wake wa pili, ule wa suka wa Mikumi. Ubingwa wao, DTM, ulikuwa na viwanda vitatu, Audi, BMW na Mercedes, na magari yalikuwa yakiongezwa na kupunguzwa kilo kadiri ya kasi yalizoonyesha. Kanuni kama hiyo haimwulizi dereva ana uwezo gani. Inamwuliza kaonyesha nini. Basi hesabu ya siku ikabadilika. Mtu anajiuliza akazane sasa apate pointi chache na vyuma vingi, au ajikunje leo apate wepesi kwa mbio zijazo. Mwaka 2017, msimu ukiwa unaendelea, viwanda vyote vitatu vilikubaliana kuvitupa vyuma. Fikiria hilo. Mahasimu watatu wasiokubaliana hata kuhusu saa walikubaliana kwamba kanuni iliyotungwa kuwasaidia inawaaibisha.

Uingereza nako, kwa muda aliyemaliza wa 10 katika mbio za pili za siku ndiye aliyeanza wa kwanza katika za tatu. Matokeo yake kila mpishi wa chai angeyatabiri: mzunguko wa mwisho madereva wakawa wanagombea kuwa wa 10, aliye wa tisa anatafuta kisingizio cha kupunguza mwendo ili mwenzake ampite. Ilibidi ije bahati nasibu ya kupanga mstari, ili pasiwe na nafasi moja ya nyuma inayolipa kuliko ya mbele.

Kisha yako mambo ya Le Mans, Ufaransa, yale mashindano ya saa 24. Si mbio za magari ya dukani hasa, ila kanuni ni ndugu. Mwaka 2016 Ford walirudi na gari lao la GT, miaka 50 baada ya ushindi wao wa 1966. Kabla ya hapo halikuwa likitisha sana. Siku ya kupanga mstari likachomoka na kuwaacha wapinzani wa daraja lake, na minong'ono ikazagaa kwamba lilikuwa limefichwa. Waandaaji wakaliongezea kilo 10 na kulipunguzia msukumo wa tabo kabla ya mbio kuanza. Likashinda daraja lake, Ferrari wakiwa wa pili. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Toyota. Walikuwa wameshinda mbio zote tatu za mwanzo wa msimu, na Le Mans yenyewe mara tano mfululizo. Siku chache kabla ya mbio wakatwishwa kilo 37. Ferrari waliongezwa 24, Cadillac 11, Porsche 3. Ferrari wakashinda, Toyota wakawa wa pili. Na kanuni inawakataza wenye viwanda kulisemea jambo hilo hadharani.

Je, Ferrari walistahili? Huenda ndiyo, waliendesha vizuri usiku kucha. Lakini hakuna atakayeweza kusema kwa uhakika, si leo wala baada ya miaka 50, na mshindi aliyenyimwa uhakika huo kaibiwa sawasawa na aliyeshindwa.

Mwenye duka katika soko la Kilosa hahitaji kupanda ndege kwenda Ufaransa kuyaelewa haya. Anajua kodi ya makadirio ilivyo. Mwaka ambao duka limejaa bidhaa hadi kwenye kibaraza, makadirio ya mwaka unaofuata yanapanda. Kwa hiyo wapo wanaotunza mzigo nyumbani na kuacha rafu nusu tupu, hata kama mteja anarudi mikono mitupu. Duka linaonekana maskini, na mwenye duka naye, kwa kuishi hivyo muda mrefu, anaanza kuwa maskini kweli, kwa sababu rafu tupu haiuzi. Timu inayoficha kasi yake msimu mzima nayo inaweza kuja kusahau ilikoiweka.

Kwa upande mwingine, nisijifanye sioni hasara ya kutosawazisha. Tunayo hapa hapa Afrika Mashariki. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, Kenya, na tangu mwaka huo hadi 2025 kila mwaka imeshinda Toyota: Ogier, Rovanperä, Ogier tena, Rovanperä tena, kisha Evans. Mwaka 2022 na 2023 walichukua nafasi zote nne za juu. Shabiki wa Hyundai anayepiga kambi kule kwenye vumbi ana haki ya kuchoka. Hata hivyo Toyota hawakufungwa vyuma kwa kosa la kushinda, na Hyundai wanajua hasa wanachotakiwa kukifanya: kutengeneza gari bora.

Safari ya zamani, iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa na msawazishaji wake asiyehongeka, nayo ni mvua ya masika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakafika. Mwaka 1968 yakaanza zaidi ya 90, yakafika 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404, gari lililokuja kuwa teksi za nchi nzima. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo iliyokwisha tumika, na wenye magari mapya ya kiwandani wakabaki kukwanguana matope. Tope lilimkamata kila mtu bila kuuliza jana alikuwa wa ngapi. Ndiyo maana hata walioshindwa walilisimulia kwa fahari.

Sasa turudi kwenye lami yetu, kwa kuwa huku kosa halimalizikii kwenye kuzomea. Linamalizikia mochwari.

Tangu miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku. Ajali na ujambazi vilikuwa vimezidi, na katazo lilionekana la busara. Kilichofuata ni kwamba mabasi ya njia ndefu yalilazimika kuondoka Dar es Salaam alfajiri, karibu yote kwa pamoja, yakiwania kufika kabla usiku haujayakamata njiani. Milango ya stendi ya Ubungo ilipofunguliwa saa 12, Serikali, bila kukusudia, ilikuwa imechora mstari wa kuanzia mashindano. Mabasi ya njia moja, yenye abiria wa aina moja na saa ya kuondoka moja, ungetegemea nini? Kuna zaidi ya kilomita 250 kutoka Dar hadi Mikumi, na katika kipande hicho ndipo lilipokomaa neno ambalo kila abiria wa njia ya kusini analijua: ligi. "Leo wanapiga ligi." Madereva walijulikana kwa majina, mabasi yakapewa lakabu, na walikuwapo abiria waliochagua basi kwa kuuliza lipi limempita nani jana.

Katazo hilo liliondolewa mwaka 2023. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangaza bungeni mwezi Juni, na ratiba za usiku zikaanza kutolewa. Kwa maoni yangu kutawanya saa za kuondoka kumepunguza ligi kuliko hotuba zote za Wiki ya Usalama Barabarani, kwa sababu huwezi kumkimbiza mtu aliyeondoka saa nne kabla yako. Hatari nyingine za usiku zipo, nazo zinahitaji makala yake.

Lakini kinachonihusu hapa ni zile kilomita 80 kwa saa, kikomo cha mwendo wa magari ya abiria. Kuna wanaokiita kanuni ya kusawazisha, wakikiweka kapu moja na vyuma vya DTM. Si kweli, na kosa hili ndilo linalozaa sera mbovu. Kikomo cha 80 hakikuulizi jana ulifika wa ngapi. Hakimwongezei mzigo mwenye basi zuri wala hakimpi nafuu mwenye basi bovu. Ni sawa na mizani ya Vigwaza na Mikese, ambako lori likizidi tani 56 linazuiwa, liwe la tajiri au la mkopo, lilishinda zabuni au lilikosa. Vyuma vya mbio vimewekwa ili ushindi ugawanywe. Kikomo kimewekwa ili abiria afike. Mtu anayeficha kasi mbele ya kikomo hapati chochote kesho, kwa kuwa kesho kikomo ni kilekile.

Hata kanuni nzuri, hata hivyo, inaharibiwa na namna ya kuipima. Tochi ya trafiki inaona mita mia kadhaa. Kwa hiyo inawafundisha madereva mahali ilipo, si mwendo unaotakiwa. Ndiyo maana magari yanayopishana yanawashiana taa, na ndiyo maana basi linapita kwa staha mbele ya askari kisha linanguruma likishakata kona. Kenya walionja haya mapema. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zililazimisha matatu kufunga mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80. Nchi ikashangilia, barabara zikatulia kwa kipindi. Haikuchukua muda vifaa vikaanza kuchezewa, waya ukachomolewa mahali na kurudishwa mahali, na cheti kikabaki kimebandikwa kiooni.

Kwetu sasa kuna VTS, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ulioanzishwa enzi za SUMATRA, mamlaka ya usafiri, na kurithiwa na mrithi wake LATRA mwaka 2019. Kifaa kinafungwa ndani ya basi, kinatuma mahali lilipo na mwendo wake muda wote, na mwendo ukizidi kinalia. Dereva naye anatakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka, ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Hiki ni kipimo kinachoiona barabara nzima, Doma na mbugani na milima ya Kitonga, bila kutegemea kivuli cha mti. Na bado wapo waliokichezea. LATRA imekwisha kuyafungia mabasi ratiba kwa kosa hilo. Tofauti na Le Mans, huku aliyejificha anajulikana kuwa mkosaji, hasifiwi kuwa mjanja wa mbinu. Ni tofauti kubwa, na tusiipoteze kwa kuanza kuwagawia watu mizigo kwa kosa la kufanya vizuri.

Kwa sababu mapendekezo ya namna hiyo yapo. Yupo anayesema basi linalojaza haraka lizuiwe stendi mpaka lile lisilopendwa lijaze. Kwenye stendi nyingi za wilayani jambo hilo linakaribia kuwa kanuni kwa jina la zamu: Hiace inapakia kwa foleni, na abiria haruhusiwi kuiruka ile ya mbele hata kama matairi yake yamekuwa vipara. Zamu ina utu wake, nakubali, inazuia ngumi. Lakini mwenye Hiace aliyebadilisha breki wiki iliyopita hapati abiria hata mmoja zaidi ya aliyeziacha, na mwezi ujao naye ataziacha. Wanaosimamia foleni hizo wangeweza kukagua matairi kabla ya kumpa mtu namba. Kazi hiyo ni ya dakika mbili.

Na tukiwa tunabishana nani asubiri nani, mshindani ambaye hakuwa kwenye orodha kapita. Kilosa ni mji wa reli tangu enzi za Wajerumani, na sasa ndani ya wilaya hiyo treni ya SGR inapenya kwenye mahandaki ikielekea Dodoma kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Safari za Dar hadi Dodoma zilianza Julai 2024. Abiria wa njia hiyo waliohama mabasi hawakuuliza lipi lilikuwa na zamu. Mabasi ya Mikumi hayajaguswa bado, kwa kuwa reli hiyo haipiti huko, na huo ni muda wa kutengeneza huduma, si wa kutengeneza foleni.

Wanaoandaa mbio za pikipiki au za baiskeli wilayani, ombi langu kwao ni dogo. Pangeni madaraja kwa chombo, mkivipima kabla ya mbio, mbele ya kila mtu, na kipimo kisibadilike mpaka msimu uishe. Pikipiki za cc 125 zishindane na za cc 125. Atakayeshinda mara tatu apewe zawadi mara tatu.

Nawe abiria wa Mbeya, Songea na Iringa, una lako. Mbio za ng'ambo zilifungwa vyuma kwa sababu mtazamaji alitaka msisimko, na ligi ya barabarani nayo ina watazamaji wake: wanaokaa siti za mbele wakimwambia dereva kwamba anawatembeza kama bibi harusi, wanaoshangilia basi lao likipita jingine kwenye kona. Kifaa kikianza kulia na konda akaongeza sauti ya muziki, usicheke naye. Mwambie dereva apunguze, na akikataa, piga namba iliyobandikwa ndani ya basi.